Paneli ya konkriti ya fiba imepasuka? Kwanza nambie ilianza lini

Wiki haipiti bila mtu kunitumia picha kwa simu, paneli ina ufa, na swali lake ni lile lile, "fundi, hapa nizibe na nini?" Na mimi jibu langu ni lile lile, ilianza lini? Watu wanaudhika, wanaona nawazungusha, lakini wallahi ukinambia siku ufa ulipotokea nishajua nusu ya maneno, manake ufa wa siku ya kwanza na ufa wa mwaka wa tatu hata wakifanana kama pacha mama zao si mmoja.

Kwa wageni wa kazi hii, nazungumzia konkriti ya nyuzi za kioo, ile inaandikwa GFRC ama GRC kwenye michoro ya maakitekta. Ni simiti na mchanga laini, kokoto hakuna, nondo hakuna, badala yake fiba ya kioo imekatwakatwa ikachanganywa ndani, unapata bamba la milimita 12 mpaka 15 linalofanya kazi ya bamba nene. Hapa Lamu imependwa kwa uzito tu. Mita moja ya mraba ya milimita 12 ni kama kilo 24, na huku kwetu kila kitu kinashuka Mokowe na lori, kinavuka kwa boti, halafu kinaingia kichochoro ambacho punda wawili hawapishani, sasa wewe jaribu kupitisha hapo tao la konkriti ya kawaida unene wa milimita 75, kila mita ya mraba kilo 180, uone punda atakuangaliaje. Ndo maana nyumba mpya za Shela zimejaa matao ya fiba, fremu za milango, zidaka za kubandika ukutani.

Haya. Tuanze na siku ya kwanza.

Imepasuka hata haijatoka kwenye moldi

Hii ndo nyingi kuliko zote. Umemwaga asubuhi, alasiri ukirudi mgongo umechorekachoreka kama utando wa buibui, au kuna ufa mmoja mrefu umekata bamba. Kila mtu analaumu simiti. Simiti haijakosa kitu hapo, maji yameruka juu haraka kuliko yanavyopanda kutoka chini, ngozi ikasinyaa na nyama ya ndani bado laini. Na mwizi mkubwa wa maji hapa si jua, ni upepo. Mimi naweka daftari, na kazi zangu zilizopasuka siku ya kwanza karibu zote ni za kati ya Disemba na Machi, wakati wa kaskazi. Nilikuwa na banda zuri la makuti, jua haliingii hata kidogo, lakini upepo unaingia huku na kutoka kule kama ni nyumbani kwao, na mimi miezi mizima nabadilisha simiti. Tulipotundika turubali upande wa upepo nyufa zikapungua wiki hiyo hiyo. Kwa hivo turubali kwanza, halafu karatasi ya nailoni juu ya bamba dakika hiyo hiyo unayomaliza kusawazisha, si baada ya chai, chai utakunywa bamba likiwa limefunikwa.

Kama upepo umeuziba na bado inachorekachoreka basi angalia mwiko wako. Waashi waliozoea kupiga niru sakafuni wanakuja na tabia ile ile, wananyunyiza simiti kavu juu wanasugua mpaka ing'ae, na ile ngozi ya simiti tupu ndo inayopasuka vipandevipande. Kwenye kazi ya fiba niru hakuna. Uso mzuri unatoka kwenye moldi, si kwenye mwiko.

Na sababu ya tatu, maji ya kuongeza. Hii nitaisema kwa urefu kwa sababu ndo inaharibu watu wengi. Kipimo changu ni mfuko mmoja wa simiti wa kilo 50 kwa mchanga mkavu kilo 50, sawa kwa sawa, na maji yote kwa jumla lita 16 mpaka 17. Kwa jumla, umesikia? Ile polima ya akriliki, dawa inayokuja kama maziwa ya kusaidia bamba lisikauke haraka, ikiwa ni ya nusu kwa nusu, unatia kilo 5 kwa mfuko, na ndani ya hizo kilo 5 nusu ni maji, yani lita 2 na nusu zishaingia kabla hujagusa ndoo. Ukisahau kuzitoa kwenye hesabu ushamwaga maji ya zaidi na hujui. Halafu mota, yani ule mchanganyiko wenyewe, inakuwa nzito, inatisha, mtu akiiangalia kwenye karai anaona hii haitaingia kwenye pembe za moldi, sasa hapo dawa ni supaplastisaiza, ile ya kulainisha mota bila kuongeza maji, kiasi kidogo kama kilivyoandikwa kwenye mtungi, si maji. Kijana wangu mmoja kazi yake ilikuwa safi mpaka adhuhuri, baada ya swala nyufa. Siku tatu hivo. Siku ya nne nikakaa nyuma ya ukuta nikamchungulia: mota iliyobaki kwenye karai imeanza kukaza, akachukua kopo la maji ya kunywa akatia, akakoroga, ikalainika kama uji, akafurahi. Kopo moja tu. Mota ikishaanza kukaza itupe, ama imwage kitu kisicho na maana, tofali la kuegemezea mlango.

Simiti yenyewe ukipata ya 42.5, ile namba ya nguvu iliyoandikwa kwenye mfuko, chukua hiyo, ile ya 32.5 inayouzwa kila duka inashika polepole, ukiitoa kwenye moldi kesho yake kingo zinabaki mkononi.

Mchanga na maji, manake dalili nyingine zinaanzia hapa

Uso unatoa unga ukiupitisha kidole? Kingo zinamomonyoka? Kabla hujagusa vipimo vingine angalia mchanga. Mchanga wa Sabaki unaotoka upande wa Malindi ni mzuri lakini una tope, tia mchanga kwenye chupa ya glasi mpaka nusu, maji, tikisa kwa nguvu, iwache masaa matatu. Tope linakaa juu kama utando wa kahawa. Kama mchanga umesimama milimita 50 na tope juu yake limefika milimita 3 usiutumie mpaka uuoshe. Kisha uchekeche na wavu wa dirisha, ule wa mbu, matundu yake ni kama milimita moja na kidogo, ndo saizi tunayotaka.

Mchanga wa ufuoni usiuguse. Najua uko bure, najua uko hapo mlangoni. Una chumvi, na yale matuta ya Shela ndo yanayotuwekea maji matamu ya mji huu, ukichota pale unajichimbia kisima chako mwenyewe kaburi. Maji ya kuchanganyia pia, ukiyaonja yana magadi ama chumvi usitumie, tafuta ya mvua, wenye jabia nyumbani wana bahati. Chumvi haili kioo, hilo nikwambie ukweli, lakini inaharakisha simiti kushika, inakula chuma chochote kilicho ndani, na itakurudia ukutani kama weupe.

Nywele, matundu na sauti ya debe

Haya yako ya haraka.

Nywele za fiba zinaonekana usoni: ngozi ya mbele, ile mota isiyo na fiba tunayotangulia nayo kwenye moldi, ilikuwa nyembamba ama uliiwekea mgongo bado mbichi ukaikanyaga na rola. Iwe milimita 3 hivi, na usubiri mpaka ukiigusa inaacha alama ya kidole lakini kidole kinatoka kisafi.

Sasa ukisubiri mno unapata tatizo la pili: gonga uso na sarafu, kama panalia debe tupu basi ngozi na mgongo havikushikana. Hakuna gundi ya kuiokoa hiyo, ikiwa sehemu kubwa inalia toa bamba.

Matundu ya hewa: mafuta ya moldi mengi mno, au ngozi ya mbele nzito umeitupia kwa mkono. Ipake ya kwanza na brashi, isugue kwenye pembe. Mafuta ya injini yaliyotumika msitumie jamani, yanaacha madoa ya kahawia yasiyotoka.

Mota imegeuka kuwa kama pamba na imekuwa kavu ghafla: umekoroga fiba kwa muda mrefu. Fiba inaingia mwisho kabisa, spidi ya chini, dakika moja ama mbili unazima. Drili ikiendelea inachana zile nyuzi zinakuwa manyoya, manyoya yanakunywa maji, na hapo kopo la kijana wangu linarudi. Kwa kumwaga kwenye moldi fiba ya urefu wa milimita 12 ama 13, na uzito wake asilimia 2 mpaka 3 ya mota yote, kwa ule mfuko mmoja ni kama kilo 3 na nusu ikizidi sana. Zile asilimia 5 unazosikia ni za watu wenye mashine ya kupulizia.

Ilikuwa imara, mvua ikaja ikawa laini

Hii nimeiona mara mbili, zote masika. Bamba limetoka kavu na zuri, mvua ya wiki moja, uso ukawa unateleza kama sabuni na ukucha unaingia. Polima haikuwa polima, ilikuwa gundi nyeupe ya seremala. Zinafanana kabisa kwenye debe, zote maziwa, na gundi ni rahisi bei, lakini gundi ile ikilowa inarudi kuwa gundi. Jaribu mapema: paka tone kwenye kioo, likauke siku mbili, litie kwenye kikombe cha maji usiku mzima. Likiwa jeupe na laini, rudisha dukani. Akriliki inabaki kama plastiki.

Na kwa wasiotumia polima kabisa, kazi inawezekana, lakini basi umwagilie na kufunika siku 7 nzima. Mwenye polima anafunika usiku mmoja na asubuhi anaendelea. Kinachoharibu ni wale wa katikati, hawana polima na hawamwagilii, wanasema bamba la jirani halikumwagiliwa.

Imepinda kama kuti lililolala juani

Sasa tumeingia wiki ya kwanza mpaka mwezi. Bamba limetoka limenyooka, umeliegemeza ukutani, baada ya siku kumi ukipiga uzi katikati pameingia sentimita nzima. Upande uliobonyea ndo uliokauka zaidi, huo ndo ushahidi wako. Mara nyingi ni ule ulioangalia upepo, na mwenzake umelala kwenye ukuta ama kwenye mchanga haupumui. Bamba bichi lisimame kwa ubavu, juu ya vipande vya mbao, hewa ipite pande zote sawasawa. Sababu nyingine ni mota mbili tofauti, ngozi ya mbele umeitia simiti nyingi iwe nzuri, mgongo umeutia mchanga mwingi ubane pesa, mbele inasinyaa zaidi inavuta. Uso na mgongo viwe kitu kimoja, fiba tu ndo itofautishe.

Likiwa bado bichi, wiki mbili tatu, nimewahi kuyarudisha kwa kulowesha upande uliobonyea na kuweka magunia ya mchanga juu taratibu siku kadhaa. Wakati mwingine linarudi, wakati mwingine linakucheka.

Usilolifanya kamwe ni kulinyoosha na bolti. Hapa nitajitaja mwenyewe maana nimelipia. Kazi ya Shela, paneli sita za mita mbili mbili kwenye ukuta wa baraza la juu, mbili zimepinda kidogo, mwenye nyumba anakuja Ijumaa. Tukazikaza. Zikalala kwenye ukuta vizuri sana, tukapiga picha. Baada ya kama miezi miwili, kila pembe ya zile mbili ina ufa unaotoka kwenye tundu la bolti kwenda pembeni, na ajabu, nyingine mbili ambazo hazikupinda nazo zimeanza hivo hivo.

Ufa unaoanzia kwenye bolti

Zile mbili za pili ndo zilinifunza. Bamba hili linacheza. Likilowa linatanuka, likikauka linasinyaa, mita moja inaweza kwenda na kurudi karibu milimita moja na zaidi kidogo, na jua nalo linaongeza lake. Paneli ya mita mbili basi inataka nafasi ya milimita mbili tatu ya kupumua, na mimi nimeifunga pembe nne kwa matundu yaliyobana bolti kama pete. Itapasukia wapi kama si hapo?

Kwa hivo ukiona ufa umeanzia kwenye tundu usiuzibe kwanza, legeza bolti. Chini paneli ikalie vikalio viwili vibebe uzito, juu ishikwe isianguke tu, matundu yawe marefu kama tundu la shilingi kwenye sanduku la mtoto, washa ya nailoni kati ya chuma na bamba, na kukaza ni kwa mkono kisha robo ya mzunguko. Kati ya paneli na paneli acha milimita 10 uzibe na silanti inayovutika, si mota. Mtu akizijaza mota zile njia ameziunganisha paneli zote kuwa bamba moja refu, na hilo bamba litachagua lenyewe pa kupasukia. Na pale bolti inaposhika nyuma jaza mota ya fiba iwe nene kama kiganja, usitoboe milimita 12 tupu ukategemea.

Weupe

"Fundi paneli zinatoa ukungu." Si ukungu. Lakini kuna weupe wa aina mbili na dawa zake hazifanani. Kwangua ule unga kwa kisu uingie kwenye kijiko, usipimie ukutani kwa sababu simiti yenyewe itakudanganya. Tia maji kidogo. Ukiyeyuka wote ni chumvi, ya mchanga, ya maji, ya upepo wa bahari au ya ukuta ulio nyuma. Usipoyeyuka tia ndimu, ukitoa povu ni chokaa ya simiti imetoka na maji ikakutana na hewa.

Chokaa: brashi kavu kwanza, kisha lowesha bamba, pitisha siki iliyochanganywa na maji, suuza sana. Inaisha baada ya misimu michache. Chumvi: brashi kavu, kitambaa cha maji matamu, na utafute inatoka wapi manake haitaisha yenyewe. Mara nyingi nimekuta paneli imebandikwa moja kwa moja kwenye ukuta wa matumbawe. Matumbawe ni jiwe la bahari, linanyonya na kutema maji na chumvi maisha yake yote, lilizoea chokaa inayopumua, wewe umelifunga uso. Acha nafasi ya sentimita mbili hivi hewa ipite. Na kwa mji wa kale wa Lamu wenyewe, ulioingia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, kuta zile si za kutoboa toboa, ongea na watu wa Makumbusho kwanza, na kusema kweli pale kazi ni ya chokaa, fiba haina lake.

Vanishi ya kung'aa pia iwacheni. Inafunga maji ndani, mwaka haujaisha inabambuka kama ngozi ya mtu aliyeungua jua. Tumia ile dawa inayoingia ndani, ya sileni, bamba linabaki linapumua.

Mchirizi wa kahawia

Kioo hakipati kutu, kwa hivo ukiona kutu kuna chuma mtu amekiweka. Bolti za kupakwa zinki hapa mbele ya bahari hazidumu. Tunataka stenlesi ya 316. Sumaku haitakusaidia sana, ikishika kwa nguvu basi hiyo kataa, lakini isiposhika haimaanishi ni 316, ile ya 304 nayo haishiki. Soma kichwa cha bolti, A4 ndo yenyewe. Wengine wanatia wavu wa kuku ndani "kuongeza nguvu". Kwenye milimita 12 wavu ule hauna pa kujificha, utavimba na kulibandua bamba.

Miaka miwili mitatu, linavunjika bila sababu

Hili ndo silipendi. Mtu aliniita kuangalia fremu za madirisha kwake, hakuna ufa mkubwa, hakuna kutu, vipande tu vinadondoka mtoto akiegemea. Nikashika kipande cha pembeni kwa mikono miwili nikakikunja. Bamba zima la fiba ukilikunja linalia kwanza, linapasuka nywele nywele, fiba zinavutwa zinashikilia, unaona ndevu zinatoka. Hiki kikasema ta, mara moja, kama kashata. Mahali kilipokatika pamekatwa safi, fiba zimekatika sawa na mota, hakuna hata moja iliyochomoza.

Nikamuuliza aliyeijenga alitoa wapi fiba. Kwa watengeneza boti. Ile mat nyeupe, mkeka wa nyuzi za kioo, ya kupaka na resini.

Fiba ya boti ni kioo cha kawaida, aina ya E. Ndani ya resini inakaa miaka, ndani ya simiti inaliwa, simiti ni kali kama magadi na kioo kile hakiiwezi, miezi mpaka miaka michache nguvu imeisha na kwa nje bamba bado zuri. Watu walihangaika na hili zamani sana mpaka Waingereza walipopata njia ya kutia zirkonia kwenye kioo, Pilkington wakaanza kuiuza mwaka 1971 kwa jina la Cem-FIL, na mpaka leo fiba ya simiti lazima iandikwe AR, yani inayostahimili ukali wa simiti, na zirkonia yake isipungue asilimia 16. Kwa macho huwezi kutofautisha, zote nyeupe, zote zinawasha ngozi. Kama gunia halina maandishi usinunue, hata muuzaji akiapa.

Mwenye nyumba akaniuliza, tupake kitu juu? Hakuna cha kupaka, kilichokufa kiko ndani. Tukazifunga kamba, tukaziteremsha moja moja, fremu kumi na moja, mbili zikakatika zenyewe njiani kabla hazijafika chini. Tulizipakia kwenye punda kama kifusi.